Sanduku Lililokataa Kunyauka

Asubuhi hiyo Mama Kiu aliingia kwenye banda la nailoni akitarajia kukuta msiba, na msiba wenyewe alikuwa ameuandaa yeye. Kazi yake pale kituoni ilikuwa kuyanyima maharage maji na kutazama yapi yatakufa haraka, yapi yatajikongoja, na yapi, Mungu akipenda, yatasimama. Aina zote zilipandwa kwenye masanduku ya saruji yaliyojengwa sakafuni, kila aina masanduku matatu, zikanyweshwa vizuri mpaka zikaanza kutoa vitumba vya maua, kisha koki ikafungwa. Kituoni walikuwa na neno lao kwa jambo hilo. Waliita "kutesa." Kesho tunaanza kutesa, walisema, kwa sauti ileile ambayo mtu mwingine angesema kesho tunaanza kupaka ukuta rangi.

Sasa mateso yalikuwa yamekolea. Joto la mle ndani lilikuwa la kuokea mkate, na maharage yalikuwa yamelegea huku na huku, majani yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Yote, isipokuwa sanduku moja la pembeni, karibu na ukuta wa nyuma. Hilo lilikuwa kijani kibichi. Majani yamekaza, vitumba vimefunguka, maua meupe yametoa macho.

Mtafiti mwingine angepiga vigelegele. Mama Kiu alikunja uso, akatazama mlango, akatazama koki, akajisemea, "Kuna mtu."

Tusimcheke bado, maana alikuwa na sababu. Aina hiyo ilipandwa kwenye masanduku matatu kama nyingine zote. Masanduku yake mawili mengine yalikuwa yameanguka kifudifudi pamoja na wenzao. Mmea hauwezi kuwa shujaa hapa na legelege pale, kwa udongo uleule na jua lilelile. Alichukua kipimo cha unyevu, akakichomeka kwenye udongo wa lile sanduku la kijani. Kipimo kikasoma: pakavu. Akakichomoa, akakifuta kwa kanga aliyojifunga kiunoni, akakichomeka upande mwingine. Pakavu. Kwa miaka yote Mama Kiu alikuwa amekiamini kipimo kile kuliko alivyoyaamini macho yake, lakini asubuhi hiyo alikipiga jicho baya, akakiweka kando. Nacho alikiingiza kwenye orodha ya watuhumiwa.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchezea. Aina itakayoshinda ingezalishwa mbegu, na mbegu hizo zingepelekwa kwa watu ambao mashamba yao mvua imeyapa kisogo. Mtu wa namna hiyo hana akiba ya kujaribia. Akipewa mbegu na kuambiwa hii inahimili ukame, huipanda yote, na mbegu ikiwa ya uongo, yeye na watoto wake watalala njaa, huku mtafiti amelala kitandani kwake ameshiba. Mama Kiu aliliogopa hilo kuliko kitu chochote. Na hakuhitaji kwenda mbali kumpata mtu wa namna hiyo, maana alikuwa akiishi naye nyumba moja.

Huyo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Shamba lake lilikuwa limekauka msimu baada ya msimu, mpaka siku moja alifunga mlango wa nyumba, akaja kwa mdogo wake na begi moja na jembe moja. Jembe la nini mjini, hakuna aliyemuuliza. Mkewe alishafariki, watoto wameshaolewa na kuoa. Walimpa chumba cha uani, na Mama Kiu akamwombea kazi ya umwagiliaji pale kituoni. Kwa hiyo keni ya kumwagilia ilikuwa mkononi mwake. Miche ya nje ya banda aliinywesha, masanduku ya kuteswa aliyapita.

Tena ndiye aliyempa jina la Mama Kiu. Shemeji na shemeji wana utani wao, na hawa wawili walikuwa hawalazi damu.

"Shemeji, leo umeua wangapi?" humuuliza kila wakikutana mlangoni pa banda.

"Bado. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Mimi huniwezi. Mimi nimeshateswa na wingu lenyewe, wewe na hicho kikoki chako ni nani?"

Na lile sanduku la kijani, yeye ndiye aliyelibatiza. "Mkaidi," alisema siku ile majani ya wenzake yalipoanza kulegea. "Mwone anavyokuangalia. Huyu hakuogopi." Na jioni alipokuwa akifunga banda hupita kati ya masanduku akisema, "Poleni. Poleni jamani. Sio mimi, ni shemeji." Wote kituoni walicheka. Mama Kiu naye alicheka, mpaka asubuhi ile. Kuanzia hapo kile kicheko kiligeuka kitu kingine. Mtu anayeupa mche pole, hatashindwa kuupa kikombe cha maji.

Akaanza kumchunguza. Naye mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya unaona ana lake jambo. Mama Kiu aligundua kwamba wenzake wakiondoka jioni, shemeji hubaki nyuma. Aligundua kwamba huzunguka nyuma ya banda, upande uleule wa ukuta wa Mkaidi, hukaa huko kidogo, kisha hutoka mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko. Mara ya kwanza alijiambia ni jasho. Mara ya pili alimsimamisha.

"Shemeji, mbona umelowa?"

"Nilikuwa nanawa."

"Unanawa mpaka viwikoni? Unataka kupasua mtu?"

"Usafi, shemeji. Si mnatuhubiria usafi kila siku?"

Alicheka, lakini macho yake yalikwenda pembeni, na Mama Kiu aliyaona yakienda. Alimpenda shemeji yake. Alikuwa mtu pekee katika ukoo mzima wa mumewe aliyekuwa akimuuliza habari za kazi yake na kusikiliza jibu mpaka mwisho.

Nyumbani alijaribu kumweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana. Alimsikiliza huku amebana pini mdomoni.

"Kaka yangu namjua," alisema alipozitoa zile pini. "Ana uongo, sikatai. Lakini uongo wake ni wa vitu vidogo. Atakwambia hajala sukari na chembe ziko kwenye masharubu. Ameniapia ameacha sigara, mimi namwangalia tu. Lakini kwenye jambo la shamba? Hapana, mama."

Mama Kiu alisikia maneno "ana uongo," mengine yakampita. Ndivyo shaka ilivyo, inachagua la kusikia.

Akakata shauri la kumtega. Maabara kulikuwa na rangi ya buluu wanayotumia kupaka vipande vya majani kabla ya kuvitazama kwa darubini. Asubuhi moja, kabla hajafika mtu, alipanda ngazi ya tangi la nje, lile linalolisha koki zote za banda, akamimina chupa nzima. Kwenye maji mengi vile rangi ilipotea, huwezi kuiona hata ukichota kwenye keni. Lakini mche ukinywa maji hayo siku kadhaa, rangi itabaki ndani ya shina. Mche usiokunywa utabaki ulivyo. Hakumwambia mkuu wa kituo, hakumwambia mumewe, huku akiendelea kutaniana na shemeji kama kawaida. Huo utani wa siku zile ulimchosha kuliko kubeba mizigo.

Siku aliyochagua, aliingia na wembe. Akakata shina moja kwenye sanduku lililoteswa, akalitazama kwa kioo cha kukuzia: jeupe. Akakata lingine: jeupe. Akaenda kwa Mkaidi. Alikata shina chini kabisa, karibu na udongo, na hakuhitaji hata kioo. Duara zima la shina lilikuwa na vitone vya buluu.

Alichuchumaa pale kwa muda, shina mkononi. Alikuwa amepata alichokitafuta na alitamani asingekipata.

Ofisini kwa mkuu wa kituo palikuwa na meza ndefu, feni inayolia, na viti vya wageni ambavyo havikaliwi na mtu mwenye raha. Mkuu alikuwa mtu mpole, mzito wa kuamua, aliyepangusa miwani kila akihitaji muda. Aliyatazama mashina yote matatu juu ya karatasi, akapangusa miwani.

"Mama, una uhakika?"

"Mkuu, rangi haina shemeji."

Shemeji aliitwa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, na mwanzoni alidhani ni utani. Mama Kiu alieleza habari ya tangi na chupa, na kadiri alivyoeleza ndivyo tabasamu la yule mtu lilivyopungua, mpaka likaisha.

"Mimi, shemeji?"

"Nani mwingine anabaki na ufunguo jioni?"

"Sikumwagilia. Sijaligusa lile sanduku."

"Basi mwambie mkuu huwa unalowanaje jioni. Nyuma ya banda unafanya nini watu wakishaondoka? Mwambie."

Shemeji alifungua mdomo. Alimtazama mkuu, akaitazama kofia yake, akaufunga mdomo. Mkuu alisubiri. Feni ililia.

"Umeona, mkuu?" alisema Mama Kiu, na sauti yake ilipanda kwa namna ambayo hakuipenda. "Kwa nini, shemeji? Ulidhani unanisaidia? Unajua watu wangapi wangepanda ule uongo? Watu kama wewe!"

Mkuu alisema maneno ya wakuu: kwamba apumzike nyumbani kwanza, kwamba jambo litaangaliwa. Shemeji alivua ufunguo kutoka kwenye kamba ya shingoni, akauweka mezani, akatoka taratibu. Kule nyumbani jioni hiyo kila mtu alikula akiangalia sahani yake. Mumewe alipiga cherehani kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji. Chumba cha uani kilifungwa mlango mapema.

Kesho yake Mama Kiu alikwenda kulifuta lile sanduku. Jaribio likiharibiwa, huna budi kuondoa mimea na udongo, uanze upya. Alikuja na sepeto, na hasira zake zote alizitia kwenye mpini.

Pigo la kwanza lilitimua vumbi. Alidhani ni juu tu. Akachimba zaidi, udongo ukatoka mkavu kama majivu. Mpaka katikati ya sanduku, mkavu. Akasimama. Mtu aliyemwagilia kwa keni, kila jioni, kwa siku zote zile, amwagilie vipi bila kulowesha udongo? Akakumbuka kipimo alichokifuta kwa kanga na kukitukana moyoni.

Aliweka sepeto chini, akaanza kufukua kwa mikono. Mizizi haikutawanyika pembeni kama ilivyo kawaida ya maharage. Ilishuka moja kwa moja, minene, kama watu wanaowahi mahali. Aliifuata mpaka chini ya sanduku, na pale kwenye kona saruji ilikuwa na ufa, mwembamba, ambao hata wembe ungeingia kwa shida. Mizizi ilikuwa imejibana, imejichubua maganda, ikapenya. Alimwita fundi bomba, wakavunja sakafu ya nje, nyuma ya ukuta. Chini yake lilipita bomba linalotoka kwenye tangi, na kiungio chake kilikuwa kikivuja tone kwa tone. Udongo wa pale ulikuwa tope la buluu, na mizizi ya Mkaidi ilikuwa imelizunguka bomba kama soksi.

"Eh!" alisema fundi bomba. "Mama, mwizi wako huyu hapa."

Mama Kiu hakucheka. Alirudi ndani, akaenda kwenye masanduku mawili mengine ya aina ileile, yale yaliyoanguka kifudifudi, akayafukua nayo. Huko hakukuwa na ufa. Mizizi ilikuwa imeshuka vilevile mpaka chini, ikakuta saruji, ikajikunja na kujisokota pale sakafuni, tabaka juu ya tabaka, ikitafuta pa kutokea. Alifukua na ya aina nyingine ili alinganishe. Ya nyingine zote iliishia juujuu. Hapo akakaa kwenye ukingo wa sanduku. Mmea aliokuwa akiutafuta miaka yote alikuwa nao, mmea unaoshuka kutafuta maji mahali pa kina. Yeye ndiye aliyeufungia ndani ya saruji, na ulipojitafutia njia, akatafuta mtu wa kumtia hatiani.

Mkuu alipelekewa mizizi ndani ya beseni. Alipangusa miwani, akaitazama, akapangusa tena. Mama Kiu alimwambia, mbele ya wafanyakazi wote waliokuja kushangaa, kwamba amemsingizia mtu. Alilisema hilo kwa sauti, akalirudia ili hata wa nyuma wasikie. Mkuu akasema shemeji arudi kazini hata leo. Akasema pia kwamba Mkaidi sasa ajaribiwe kwenye shamba la kweli, lenye udongo wa kina, na kwamba kama shemeji atakubali, apewe konzi ya mbegu zilizobaki ghalani akaipande kwake. Mama Kiu alitoka na mbegu hizo kwenye bahasha, mbio mbio.

Alimkuta chumbani kwake, mlango wazi, begi limefungwa, jembe limeegemezwa ukutani. Alikuwa amekaa kitandani akijifunga kamba za viatu.

"Shemeji, ni mzizi," alisema Mama Kiu kabla hata ya salamu. "Haukuwa wewe. Ulikuwa mzizi. Kuna ufa chini, na bomba linavuja, na mizizi imelifuata bomba. Nimekukosea. Nimekukosea mbele za watu, na nimeshasema mbele za watu kwamba nimekukosea. Nisamehe, shemeji."

Yule mtu aliacha kamba za viatu. "Umeshuka mpaka wapi?"

"Nini?"

"Mzizi. Umeshuka mpaka wapi?"

Mama Kiu alinyoosha mkono wake wote, akaonyesha na zaidi. Shemeji alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ofisini uso wake ulifunguka kidogo. "Kumbe mkaidi kweli," alisema.

"Lakini pale ofisini mbona ulinyamaza? Ungesema tu ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa navuta sigara." Alinong'ona akitazama mlangoni, asije mdogo wake akasikia. "Nyuma ya banda. Na mlishatuambia, anayekamatwa na tumbaku karibu na mimea kazi hana, kwa sababu ugonjwa wa tumbaku hubebwa na mikono mpaka kwenye majani. Basi nikimaliza nanawa. Nanawa mpaka viwikoni, nanawa kama daktari, nisije nikakuambukizia maharage yako. Ningemwambia nini mkuu? Nilidhani nikikaa kimya wewe utasema. Utasema, hapana mkuu, huyu namjua."

Mama Kiu alikaa kwenye kizingiti.

"Na nikwambie lingine," aliendelea shemeji, sasa bila kunong'ona. "Kulimwagilia nilitamani. Kila jioni nilisimama pale na keni. Sikumwagilia, si kwa kukuogopa wewe. Nilitaka kujua kama linasimama kweli. Wewe likianguka utajaribu jingine mwakani. Mimi nimeshawapandia watoto wangu mbegu ya matumaini, nikawavunia majani makavu. Kwenye mbegu, shemeji, mimi nisingekudanganya. Kwenye sigara, ndiyo."

"Rudi kazini. Mkuu amesema urudi leo."

"Nimeshakata tiketi. Mawingu yameanza kujikusanya kule, wamenipigia simu. Sina hasira. Nakwenda kulima."

Mama Kiu akaitoa ile bahasha. Alimweleza kwamba ndizo zenyewe, mbegu za Mkaidi, zimetoka ghalani, ameruhusiwa, azipande mahali penye udongo wa kina. Aliongea haraka, kama mtu anayelipa. Shemeji alimimina mbegu kwenye kiganja. Alizigeuza kwa kidole gumba, moja moja, akaipeleka mojawapo karibu na jicho, kisha akamtazama Mama Kiu.

"Hizi hazikumwagiliwa na mtu?" aliuliza.

Mama Kiu alianza kucheka, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakitaniana siku zote. Alimtazama usoni aone kama naye anacheka. Hakucheka. Alikuwa amekishika kiganja wazi baina yao, mbegu zimetulia, akisubiri ajibiwe.